Picha ya Ishirini na Tatu

Aabo, baba yangu,

Mwezi uliopita nilitoa kamera yako kwenye sanduku la mama, Hooyo wetu, ili niifute vumbi, nikakuta ndani bado mna filamu. Kidirisha kilionyesha ishirini na tatu. Nikakumbuka tulivyokuwa tukikusumbua pale nyumbani Griftu, tukitaka kuona tulivyotoka, nawe ukitujibu, "Ngojeni ijae." Hukuwahi kusafisha filamu nusu. Hii hukujaliwa kuijaza.

Niliituma Nairobi kwa basi kutoka hapa Garissa, ninakofundisha. Nilitarajia picha za vitambulisho, watu wamekaza shingo mbele ya lile shuka lako la bluu. Kumbe ulipokosa wateja ulikuwa ukipiga mambo mengine kabisa. Madalali wawili mnadani, mikono imefichwa chini ya shali, wakipatana bei ya ngamia kwa vidole. Mzee anampuliza mwenzake jichoni kumtoa vumbi. Muuza maziwa amembeba mtoto wa mteja ili mama yake afunge mtandio vizuri. Nilijiuliza ulikuwa unatafuta nini kwa watu hawa, ambao hata hawakujua unawatazama.

Halafu nikafika ya mwisho. Hooyo na Eedo Dahabo, dada yako, wamekaa mkekani kwetu. Hooyo anampaka Eedo hina, na wote wawili wanacheka hadi macho yamefumba.

Aabo, niliigeuza nyuma kutafuta tarehe, sikuiona. Tangu kaka yangu Abdi afe kwa homa, na Eedo aseme mbele ya watu kwamba Hooyo alichelewa kumpeleka hospitalini, hawakuwahi kusalimiana. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikua nikiamini kwamba kumpenda Hooyo ni kumchukia Eedo. Kwenye msiba wako, Eedo alipofika kutoka Buna akaninyooshea mkono, niliurudisha wangu nyuma, watu wote wakiona.

Nilirudi Griftu kwa Hooyo na picha ile.

"Hii ni lini, Hooyo?"

"Wiki ile kabla baba yako hajatutoka," alisema. "Dahabo alikuja kuniomba msamaha. Tulilia sana."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulitaka tukuambie pamoja, ukija likizo. Ukaja kwa msiba. Niliona ulivyomfanyia. Siku ile sikuwa na nguvu ya kusema. Baadaye nikaona haya."

Kesho yake nikashika njia ya Buna. Njia nzima nilipanga maneno, na Eedo alipofungua mlango yakanipotea yote. Nikampa picha hata kabla ya salamu. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya uso wa Hooyo.

"Eedo, nisamehe kwa mkono ule," nikasema.

"Mkono upi?" Akaushika wangu. "Huu?"

Hakuuachia mpaka chai ilipochemka.

Tangu hapo ninatembea na kamera yako. Ninawapiga walimu wenzangu wakigawana mahamri, na wanawake sokoni wakishikana mabega. Bado sijui jicho lako lilijuaje wakati wa kubonyeza. Picha tatu kati ya nne zinanitoka watu wakiwa wameshageuka. Lakini nimeanza kuwatazama watu, jambo ambalo sikuwa nikilifanya.

Kuna jambo moja ninalotamani kukuuliza. Watu wawili waliotoka kulia machozi, uliwachekeshaje? Hooyo anasema uliwakaripia kama wateja wako, "Kitambulisho hakitaki machozi." Eedo anasema hukusema neno, ulirudi nyuma kutafuta nafasi, ukajikwaa kwenye kamba ya mbuzi ukakaa chini na kamera yako. Hakuna anayekubali kushindwa. Hooyo anampigia Eedo simu kila asubuhi kumkosoa, na mpaka adhuhuri bado wanabishana.

Mungu akupanulie kaburi lako, Aabo. Huku tuko salama.

Binti yako,
Halima