Ile Barua Sikuichoma kwa Bahati Mbaya

Mjukuu wangu Sekela,

Marahaba, kama umeniamkia. Kama hujaniamkia, chukua hivyo hivyo.

Mkono unaoandika ni wa mama mwinjilisti, maana mimi unanijua, shule niliiona kwa nje nikipita na kuni kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Nimemwambia pia Jumapili ibada ikiisha aisome mbele ya watu wote, ndipo aipige picha akutumie huko Tunduma. Ameniangalia. "Bibi, yote?" Nimemwambia yote, na hilo swali lako nalo liandike.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji alikuja hapa na akina mama watatu. Chai wakakataa, nikajua jambo ni kubwa. Wanataka nikurudishe zahanati. "Huyo anakusikia wewe tu, Bibi," mwenyekiti akasema. "Mwambie watu wanateseka, wajawazito tunawapakia bodaboda mpaka Itumba wilayani." Mama Subi, jirani yetu wa pale chini, hakuweza kukaa nalo moyoni: "Miaka kumi na miwili amekula mshahara wa serikali, leo kakimbilia hela za malori!" Hata hayakuniuma. Tangu uondoke, na huu ni mwaka wa pili, nimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipovaa nguo nyeupe? Ulitoka chumbani ukajizungusha, mimi nachekecha unga. Nikataka kukushika, ukaruka nyuma: "Mke mwenzangu, mikono hiyo!" Nikakushika hivyo hivyo. Ukaenda kuanza kazi na vidole vyangu vya unga mgongoni. Ndivyo tulivyoitana tangu mama yako alipofariki ukaletwa kwangu na miaka sita, mke mwenza na mke mwenza. Marehemu babu yako alikuwa akisema nyumba hii ina wake wawili na wote wawili hawajui kupika.

Kazi hukuikimbia. Watu wamesahau, mimi sijasahau. Ulikuwa unaimba kwaya, mtu anakuja kukuvuta nguo, unatoka wimbo haujaisha. Ugali ulikuwa unapoa mezani mpaka naufunika. Akina mama walivuka mto Songwe kutoka Malawi na matumbo yao, na yule mhudumu mwenzako akiuliza huyu ni raia wa wapi, unamjibu, "Kitambulisho atatoa akishajifungua." Halafu mwenzako akahamishwa, ukabaki peke yako, nesi wewe, daktari wewe, na ufunguo wa dawa unao wewe.

Sasa nafika kwenye karatasi.

Ni kama miaka sita iliyopita. Ulikuwa mchana wa kiangazi, nimeinjika maharage. Tangu asubuhi ulikuwa umekaa unaandika, unachana, unaandika tena. Ukaitia kwenye bahasha, ukaiweka juu ya kigoda. "Bibi, niangalizie hii. Kesho naipeleka Itumba." Ukaenda kuoga.

Uliporudi bahasha haipo, nikakwambia, "Maskini mimi, nilidhani ni karatasi ya kuwashia moto." Ukaniamini. Nani hatamwamini kizee asiyejua hata a?

Nilijua, Sekela. Kusoma sijui, lakini juzi yake nilikuona umefua nguo zako nyeupe zote kwa mara moja, umezikunja, umezitia chini kabisa ya sanduku. Mtu wa kwenda kazini kesho hafanyi hivyo. Nilijua hiyo ni barua ya kuacha kazi. Nikaitia jikoni, nikaisukuma kwa kuni mpaka ikaisha. Maharage yakaendelea kuchemka.

Nilingoja upige kelele. Ulisimama pale na kitenge kimelowa, ukasema, "Basi. Labda Mungu hataki." Nami nikaitikia, "Ndiyo, mwanangu, ni Mungu huyo." Dhambi yangu iko hapo. Karatasi ungeandika nyingine kesho yake. Nilipomsingizia Mungu, hukuandika.

Ningependa kusema niliwahurumia wanawake wa hapa. Niliwahurumia, ndiyo. Lakini zaidi ni kwamba nilikuwa Bibi wa Nesi. Msibani nasogezewa kiti, kisimani napishwa niteke kwanza, mimi ninayesaini kwa dole gumba. Sikutaka kurudi kuwa kizee tu kama vizee wengine. Mama mwinjilisti anataka nilainishe hapo. Asilainishe.

Ukakaa miaka minne mingine. Mwaka wa tatu mvua ilikata barabara, na yule mke wa fundi cherehani akashikwa na uchungu mtoto amekaa vibaya. Mlimbeba kwa machela asubuhi kweupe, wewe unashika mkono wake, mwende mkakutane na gari upande wa pili. Hakufika. Ulirudi saa saba mchana, ukanawa mpaka viwikoni, ukakaa.

"Amekufa, Bibi. Na mtoto. Mboga ipo?"

Nikakupakulia. Ukala yote, ukaomba ugali mwingine. Nikakuchokoza ili nikuamshe: "Mke mwenzangu, utatafuna na sufuria?" Zamani ungenijibu neno la kunitoa jasho. Ulisema, "Ndiyo, Bibi." Toka siku hiyo ikawa ndiyo Bibi, sawa Bibi. Nikikutania, sawa Bibi. Nikiumwa, sawa Bibi, meza hizi. Niliogopa. Nikaona nilichokifanya, na bado sikufungua mdomo.

Barua ya pili hukunionyesha. Niliisikia kwa watu ikiwa imeshafika.

Mwezi wa nane nilikuja Tunduma, hukujua. Hapa niliaga naenda kuangaliwa macho. Nilikukuta kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, umekaa juu ya turubai kubwa kama uwanja wa kanisa, una sindano kama msumari, unalishona. Dereva mmoja Mzambia amekusimamia kichwani, anakuita mayo, yaani mama kwa kwao.

"Mayo, huu mshono utafika Lusaka kweli?"

"Mshono utafika. Wewe na hilo tumbo ndiyo sijui."

Wenzake wakaangua kicheko. Na wewe ukacheka, kichwa kimeenda nyuma, kicheko chako kile cha utotoni. Nilisimama nyuma ya mchoma mahindi. Nikangoja nifurahi, haikuja. Nikangoja nilie, haikuja. Nikanunua hindi ambalo sikulila, nikapanda gari nikarudi mpaka Isongole, nikapanda kilima kwa miguu kuja nyumbani.

Baadaye nilikupigia nikakuuliza, kazi ya maturubai inakwendaje. Ukasema, "Nzuri, Bibi. Turubai halifi. Nikikosea nafumua."

Kwa hiyo mwenyekiti alipokuwa anangoja niseme nitakuita, niliwaambia habari ya barua, kama nilivyoisema hapa. Mwenyekiti akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Mama Subi ndiye aliyeuliza, taratibu:

"Ina maana miaka ile minne yote alikuwa hataki?"

"Hataki."

"Na mjukuu wangu kazaliwa mikononi mwake ndani ya miaka hiyo. Alikuja na kitovu kimemzunguka shingoni, amekuwa wa bluu. Sekela akampulizia mpaka akalia. Sasa Bibi, ile barua ingefika..."

Kasichana kenyewe kalikuwa pale uani kanafukuza kuku wangu, kana miaka mitano, kana kelele kama mashine ya kusaga. Nilimwangalia. Nikausikiliza moyo wangu unasema nini, nilifanya vizuri au vibaya. Haukusema. Upande mmoja yule mtoto, upande mwingine wewe unaomba ugali. Sina mizani ya vitu kama hivyo. Mama mwinjilisti naye hana, maana ameweka kalamu chini anapenga kamasi, na mimi ndiye ninayemwambia aendelee.

Niliwaambia sikuiti, na Jumapili wataisikia tena. Sekela hakuwakimbia. Alikuwa ameshamaliza, mimi nikamfungia ndani, akawahudumia hivyo hivyo. Wanaotaka nesi waende wilayani wakakae pale, chai wakatae, kama walivyokaa kwangu. Mama Subi aliondoka bila kuniaga. Ana haki.

Na wewe usirudi kwa ajili ya barua hii. Zahanati haikudai kitu, wala mimi. Halafu nakujua, utapiga simu na ile sauti yako ya kutulizia wagonjwa, useme, yameisha Bibi, nimekusamehe. Sitaki. Sauti hiyo ndiyo iliyoomba ugali siku ile ya mke wa fundi. Nipigie ukiwa na hasira. Niulize mimi ni nani hata nikuamulie miaka minne, na Mungu nilimtoa wapi. Nigombeze mpaka salio liishe, uongeze jingine. Simu nitaishika mwenyewe, sitampa mtu anisikilizie. Na nikianza kujitetea, niambie ninyamaze.

Haya. Baki salama na malori yako. Nangoja.

Mimi bibi yako, niliyemzaa mama yako.