Keria Uliyoikata

Laurian,

~~Chai iko kwenye chupa.~~ Chai nimeimwagia migomba, angalau yenyewe inazaa.

Mbuzi wahamishe kabla jua halijawa kali.

Asubuhi nimetoa baiskeli nimpakie mama kwenda misa Kabanga, nikakuta keria umeikata kwa msumeno. Eti baiskeli iwe nyepesi kwa mashindano yako ya Mwanza, ya kuogelea, baiskeli na mbio! Mama amechukua fimbo, tunakwenda kwa miguu, na goti lake lile.

Umenunua kofia, glovu, hata kaptula ya kubana. Vimekupendeza. Ila mashindano yenyewe yanaanzia majini, mdogo wangu, na wewe mpaka leo unaoga mtoni ukiwa umeshikilia majani.

Keria ikachomelewe leo.

Dada yako, Yuster