Tangi la Petroli la Mama Chelangat

Mjukuu wangu Ochieng,

Habari za Mombasa? Sisi huku Kericho tu wazima. Goti la nyanya yako limepona, na mvua imeamsha chai vizuri. Nimefurahi kusikia unafufua gari la zamani. Umeniuliza muuza vipuri hulegezwa vipi ashushe bei.

Miaka ya thelathini nilikuwa fundi kijana, nikitengeneza lori kuukuu lililokosa tangi la petroli. Nikaambiwa upande wa Sotik kuna mjane, Mama Chelangat, na gari la marehemu mumewe limelala uani. Nilipofika nikaanza ujanja wangu. Niligonga mabati, nikasonya. "Mama, hii gari imeoza kabisa. Ni takataka tu."

Akasema polepole, "Kijana, kama unataka kununua, nunua. Lakini usiitukane. Bwana yangu alikuwa anaiosha kila Jumapili."

Niliona haya, nikaomba msamaha. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba tangi lile ni zuri na ninalihitaji sana.

Akainama, akanionyesha mahali ambapo mimi fundi sikuwa nimepaona. "Hapa inavuja," akasema. "Alikuwa anaziba na sabuni. Chunga usije ukaungua."

Nililipa alichotaka bila kubishana. Mpaka leo, nikienda kununua kitu kilichotumika, huuliza kwanza kilikuwa cha nani.

Mungu akutunze huko, na breki uzitazame kabla ya injini.

Babu yako