Simiti Yangu na Mbuzi wa Mama Nakiru

Alhamisi, jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi la mtaa wetu wa Kiwanjani, hapa Isiolo, limeingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Stima hakuna. Nimekaa mlangoni naandika kwa simu iliyobaki na chaji kidogo, na nina hasira. Sitasema nimechoka wala nimeudhika. Nina hasira, na naandika ili nisitoke kwenda kugombana na mtu mwingine, maana leo nimegombana na fundi, na jirani, na mama yangu mzazi.

Njia yangu ya simiti imepasuka.

Wanaosoma hapa mara ya kwanza hawajui habari ya njia hii, kwa hivyo wacha nieleze. Mama yangu ni mtu wa Biliqo, kule kwa wafugaji. Alivunjika nyonga, nikamleta mjini tuishi pamoja, na tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Uwanja wetu ni mchanga mtupu kutoka mlangoni hadi getini. Magurudumu yanazama. Siku za kliniki ilibidi niite majirani wawili wanaume, tumnyanyue yeye pamoja na kiti chake kama gunia la mahindi linalopelekwa kusagwa.

Siku moja tukiwa tumembeba hivyo, mtandio ulimtoka kichwani mbele ya wanaume, na mikono yake ilikuwa imeshika kiti. Hakuweza kujifunika. Tuliporudi nyumbani akasema habebwi tena. Kliniki ilipofika alikataa. Iliyofuata pia. Tangu Idi hajavuka geti. Daktari anasema presha yake haiwezi kutibiwa kwa simu, na mimi najua hilo bila kuambiwa na daktari.

Basi nikaamua kumwaga simiti. Njia nyembamba tu, upana wa kiti, ajisukume mwenyewe hadi getini, gari limchukue hapo na heshima yake ikiwa kamili. Mimi hushona sare za shule, na shule zilipofunguliwa nilipata kazi nyingi. Nikadhani pesa itatosha.

Fundi anaitwa Kirimi. Alikuja, akapima kwa kamba, akapiga magoti kwenye mchanga, akachimba kidogo kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari. "Elfu thelathini na tano, madam," akasema. "Hiyo ni kila kitu."

Kila kitu!

Hiyo "kila kitu" ya Kirimi haikuwa na usafiri wa kokoto. Haikuwa na mbao za kushikilia kingo. Haikuwa na chakula cha watu wake wa mkono, ambao walimaliza githeri yangu ya siku mbili kwa kikao kimoja kisha wakauliza kama chai iko. Na haikuwa na maji. Nirudie hapo. Hapa Isiolo, ambapo mfereji hukohoa hewa wiki nzima kabla ya kutoa tone, mtu mzima amepiga hesabu ya simiti bila maji. Nilipomuuliza akanishangaa mimi. "Maji ni ya mwenye nyumba, madam. Hata Nairobi ni hivyo."

Nikajiona nimeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Lakini kokoto ilikuwa tayari imemwagwa getini, na mchanga wa laga, ule mto mkavu, umeshalipwa, ningefanya nini? Nikaita boza, lori la kuuza maji. Mwenye boza naye akasikia ni ya ujenzi, akapandisha bei, kana kwamba maji ya kujenga huchotwa kisima kingine. Mpaka siku ya kumwaga, ile elfu thelathini na tano ilikuwa imefika hamsini.

Nikubali kitu kimoja. Njia ilipokamilika ilikuwa nzuri. Ilitoka mlangoni ikaenda moja kwa moja hadi getini, laini, ya kijivu, na mimi nilisimama nikaiangalia kama mtu aliyejifungua.

Ndipo Kirimi, akiosha mwiko wake kwa maji yangu, akatoa la mwisho. "Sasa ni kumwagilia. Asubuhi, saa sita, jioni, wiki mzima. Na hii jua, simiti ikikauka itapasuka, usiniite." Akajenga tuta dogo la mchanga pande zote mbili ili maji yasimame juu ya simiti kama kidimbwi, akaenda zake.

Boza tena. Nikajaza dramu lililo hapa mlangoni. Asubuhi nilimwagilia kabla ya kwenda kazini, na jioni nikirudi. Saa sita niko kwenye cherehani, kwa hivyo nikamwomba Mama Nakiru, jirani wa upande wa pili wa ua, aje amwagilie. Yeye ni mtu wa mbuzi, yuko nyumbani mchana. Nikampa kitu kidogo cha asante. Na kila jioni nikirudi nilikuta maji ya dramu yameshuka sana, nikafurahi. Nilimsifu hata kwa wateja wangu, nikasema majirani kama huyu hawapatikani tena.

Leo stima imepotea saa tano. Mashine yangu bila stima ni meza tu, kwa hivyo nikafunga duka, nikarudi nyumbani mapema.

Geti lilikuwa wazi. Mbuzi wote wa Mama Nakiru walikuwa juu ya njia yangu, wamepanga kwato zao kwenye simiti, na mavi yao pia. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, ameegemea dramu, anachota kwa kopo na kujaza karai. Mama Nakiru alikuwa anapokea karai na kuwawekea, kundi kwa kundi, kwa utaratibu kabisa. Mama alikuwa akiwaita kwa Kiborana kwa rangi zao, yule mweupe ngoja, wewe wa madoa njoo. Sauti hiyo sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto.

Simiti ilikuwa kavu, nyeupe kama unga. Na katikati kulikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Niliingiza kidole, kikaingia.

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema na sitaki kukumbuka. Mama Nakiru akarudi nyuma na karai lake. "Mama yako ndio alisema," akaniambia. "Mimi nitakataa aje mtu mzee?" Na hapo alinishinda, kwa sababu hata mimi siwezi.

Nikamgeukia Mama. Nikamwambia maji yale ni ya simiti. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepoteza akili.

"Mawe haikunywangi maji," akasema.

"Mama, hiyo ni pesa. Nimenunua."

"Wewe umeona mnyama akikufa na kiu? Mimi nimeona."

Najua ameona. Ule ukame uliomaliza ng'ombe wake kule Biliqo, alikaa na wa mwisho mpaka akakata roho, kichwa cha ng'ombe kwenye mapaja yake. Najua. Lakini hawa mbuzi wana mwenyewe, na mwenyewe ana mtungi wake, na hakuna aliyekuwa anakufa! Njia ile ndiyo miguu ya Mama yangu. Walikuwa wanainywa miguu hiyo, na ni yeye aliyekuwa anawanywesha.

Kirimi nilimpigia simu, akaja haraka isivyo kawaida yake. Akagonga simiti kwa kisigino, akasikiliza. "Hii katikati ni kubomoa, madam. Tumwage upya. Elfu kumi na mbili."

"Na maji?"

"Maji ni yako."

Hapo tulibishana mpaka watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama getini kuuliza kama kuna msiba. Nilimwambia fundi anayejenga Isiolo na hajui kuna mbuzi na kiu Isiolo arudi akasome upya. Akasema yeye ni fundi wa simiti, si mchungaji. Akaenda.

Magharibi Mama hakutaka chai. Alikaa amegeukia ukuta. Nikaingia na hasira zangu zote, nikakaa kitandani mwake, nikamuuliza kwa Kiborana kama anajua njia ile nilimjengea nani. Nilikuwa nataka jibu. Nilikuwa nataka hata aombe msamaha, nisidanganye.

Akauliza, nitoke niende wapi?

Nikasema kliniki.

Akasema tangu nimlete mjini, geti lile halijawahi kumpeleka popote ila kwenye sindano. Nilifungua mdomo nibishe. Nikatafuta siku moja, moja tu, niliyomtoa kwa jambo lingine. Nikatafuta kweli, sikuipata. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, na mimi niliufuata huo msemo mpaka kwenye simiti.

"Haya, sasa unataka kwenda wapi?" Niliuliza kwa ukali. Sikuwa nimelainika, hata kidogo.

Akajibu papo hapo. Soko la mifugo. Anataka kuona ng'ombe. Anataka kuona ngamia wakishushwa, aangalie meno, asikie watu wakitukanana juu ya bei.

Nikamwambia lile soko ni mchanga na mavi tangu langoni hadi mwisho. Njia yangu inaishia getini kwetu, na hakuna serikali wala fundi aliyemwaga simiti mpaka huko. Kiti hakitasonga hata hatua. Atabebwa juu juu mbele ya wanaume wote wa Isiolo, wa Merti na wa Kipsing. Nilidhani hapo nimemmaliza.

Mama akageuka kutoka ukutani.

"Kwenda sindano sibebwi," akasema. "Kwenda kuona ngamia, nibebeni."

Elfu hamsini, jamani. Nimekaa hapa sijui nicheke au nilie, na hasira bado iko palepale kifuani, haijasonga. Kliniki lazima aende, na hilo tutagombana nalo wiki ijayo. Kiti kinaweza kuruka ule ufa nikikisukuma kwa nguvu. Nimejaribu kikiwa kitupu.

Nimemwandikia Kirimi asije kubomoa. Ile elfu kumi na mbili nitakodisha nayo gari, na wanaume wanne wenye mabega.

Ufa utangoja. Siku ya soko nafunga duka.