Mkono wa Njoroge

Mpendwa Mwangi,

Habari za huko Amerika? Sisi hapa Theta tuko salama. Cucu, nyanya yako, anakusalimu. Goti bado linamsumbua, lakini kanisani anafika.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sikufurahi ulipoajiriwa na timu ya besiboli kuwa mrushaji. Acha nikueleze.

Tulipokuwa shuleni Thika, mwalimu mgeni alitufundisha mchezo huo. Rafiki yangu Njoroge alikuwa akirusha mpira, mimi nikiudaka. Siku moja walikuja watu wa kuchagua wachezaji wa kupeleka ng'ambo. Katikati ya mchezo Njoroge akaniambia, "Kiwiko kinawaka. Mwambie mwalimu anitoe."

Nikamjibu, "Vumilia kidogo. Wanatuangalia."

Akavumilia kwa sababu ni mimi niliyesema. Tulishinda, na hakuna aliyechaguliwa kati yetu. Mkono wake haukunyooka tena.

Siku hizi anaishi Kimbo. Hunisalimu kwa mkono wa kushoto na kuuliza habari zako. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mkono wako ukianza kuuma, huenda mtu anayekupenda akakwambia uvumilie. Usimsikize, hata nikiwa mimi.

Babu yako, Guka