Mwalimu wa Difrensho

Jumatatu, 14 Aprili
Mjukuu wangu Mwajuma kaamka na hesabu zake tena. Anarudia mtihani wa kidato cha sita hapa hapa Mandewa, hana mwalimu. Leo kaniomba nimtafutie mtu wa hesabu za difrensho na fizikia. Mimi niliyeishia darasa la nne! Nikamwambia naijua difu ya lori tu. Hakucheka. Baba yake kasema akifeli safari hii, basi, akauze mafuta ya alizeti dukani.

Jumatano, 16 Aprili
Nimempata. Mwalimu Kulwa wa Mkiwa. Mnyamwezi, na sisi Wanyaturu kwao ni watani. Nimempelekea jogoo. Atakuja Jumamosi.

Jumamosi, 19 Aprili
Kaja. Wamekokotoa mpaka adhuhuri. Difrensho moja ilihusu chai inavyopoa. Msomi mzima anapigia hesabu chai. Mimi huinywa tu. Lakini Mwajuma alikuwa anasema "aaa, kumbe". Sijamsikia hivyo tangu afeli.

Alhamisi, 24 Aprili
Mama wa Mwalimu kafariki. Nimekwenda kuzika na kutimiza utani. Nikashuka kaburini, nikajilaza, nikagoma kutoka. Nikasema bibi huyu mvivu, kaona mavuno yamefika akakimbia. Wazee wakacheka, wakanibembeleza kwa ugoro. Mwalimu hakucheka. Kumbe kakulia Dar, mambo ya utani hayajui. Akasema polepole, "Mzee, huyo ni mama yangu. Toka."
Nikatoka.

Jumamosi, 26 Aprili
Hakuja. Simu hapokei. Mwajuma kakaa na daftari mlangoni.

Jumatatu, 28 Aprili
Mkiwa tena, kuomba radhi. Wajomba zake wakamweleza kwamba bila mtani msiba haujakamilika. Kasema kanisamehe. Kufundisha hapana. Anasema akifika kwangu atamwona mama yake kaburini. Nikasema Jumamosi nitashinda sokoni, asinione. Hapana.
Nimemweleza Mwajuma yote. Hakunilaumu. Bora angenitukana.

Jumamosi, 3 Mei
Nimeuliza mji mzima. Wanaojua hawana nafasi. Wenye nafasi ni kama mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Mwajuma karudi kutoka kwenye mtihani. Karatasi kaiacha nyeupe zaidi ya nusu. Akaniamkia, akavua viatu, akaleta ungo. Tumechambua maharage. Baadaye akaniuliza, "Babu, mbona leo hunitanii?"
Nikaendelea kutoa mawe.