Mkono Usioingia Siniani

Mwera, Pangani
6 Julai 2024

Kwako ndugu yangu Yaarub,

Assalaam aleikum. Mie mzima, ila mafua ya baridi hii ya Julai. Nasikia shemeji Ghanima sasa anatoka hadi uani, alhamdulillahi. Simu yangu umeifungia, ndiyo maana nampa barua Tadeo, dereva wa Koasta. Yeye Mkatoliki, hana upande kwenye mambo yetu ya tarika pale zawiyani.

Ndugu yangu, nina dhambi juu yako. Siku ile Khalifa wetu alipotupatanisha katika ugomvi wetu wa mpaka wa minazi, sote tulikubali hukumu. Likaletwa sinia la wali, kama desturi ya udugu wetu: waliogombana wale pamoja, na anayezuia mkono wake ana kinyongo, atolewe zawiyani. Wewe hukula. Ukatolewa.

Mie nilijua umefunga. Asubuhi ile ulikataa kahawa yangu, ukaniambia ni nadhiri kwa ajili ya ugonjwa wa mkeo, na hujamwambia mwingine. Nikanyamaza. Nikala.

Nisamehe.

Nduguyo,
Nabhan


Chumbageni, Tanga
19 Julai 2024

Nabhan,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima. Ghanima anatembea.

Barua yako nimeisoma mara nne natafuta mtego. Miezi mitano kimya, leo dhambi inakuwasha? Mbona sasa, Khalifa anapotafuta naibu? Au umesikia wakwe wa Jumana wameahirisha nikahi? Ndiyo, wameahirisha. Nao ni watu wa zawiya, wamesema hawachukui mke kwa mtu aliyekataa suluhu. Mwanangu hali chakula, hasemi na mtu. Kama ulitaka kuchungulia, haya, umeshaona.

Mie sikujitetea kwa sababu mtu hatangazi nadhiri yake. Nilikutazama wewe, nikijua utanisemea. Baadaye nani angeniamini?

Tena kahawa ile haikuwa asubuhi ile. Ilikuwa Jumatatu, siku kumi kabla. Na kikao kilikuwa kiwe Jumamosi. Nani alikisogeza Alhamisi?

Baba Jumana


Mwera
22 Julai 2024

Ndugu yangu Yaarub,

Assalaam aleikum. Mafua yamepoa. Nawaombea nyote afya, Jumana zaidi.

Ni mie. Nilimwambia Khalifa kwamba Jumamosi nina safari ya kwenda Amani, kumtazama mgonjwa. Sina mgonjwa Amani. Ulishaniambia unafunga kila Jumatatu na Alhamisi, nikahesabu siku. Hata juzi nikiungama nilikuficha hilo, nikajiona nimeshatubu.

Kwenye unaibu walikuwa wanakutaja wewe, si mie. Husda, ndugu yangu, sina jina lingine.

Niambie nifanye nini.

Nduguyo,
Nabhan


Chumbageni
25 Julai 2024

Nabhan,

Salaam. Tuko salama.

Nikiwapelekea watu wa zawiya barua zako, watasema nimeziandika mie. Ijumaa ya tarehe mbili, baada ya sala, simama zawiyani useme yote, na ya Amani pia. Wakwe watakuwepo. Mie siji, nikija watasema tumepanga.

Na usinidanganye. Nitauliza watu watatu wasiosemezana wenyewe kwa wenyewe.

Baba Jumana


Mwera
3 Agosti 2024

Ndugu yangu Yaarub,

Assalaam aleikum. Natumai hamjambo wote. Mie mwili mzima.

Nimesema. Mwinyijuma, unamjua, akaangua kicheko: "Mdomo wa kula ulikuwa nao, bwana, wa kusema ulimwazima nani?" Watu wakacheka. Mzee Zubeiri, baba wa bwana harusi, hakucheka. Aliinama akasema, "Tumemdhulumu binti wa watu."

Khalifa akaniambia: "Yaarub akirudi, nitamuuliza yeye kama ana neno la kukutetea. Akikosa, utatoka, na swali hilo halitaulizwa tena."

Nimo zawiyani humo tangu nina miaka kumi na tisa. Sina ndugu wengine, unajua. Lakini sikuombi kitu.

Nduguyo,
Nabhan


Chumbageni
17 Agosti 2024

Nabhan,

Wa aleikum salaam. Ghanima anakusalimu.

Niliwauliza wale watatu. Wamesema sawasawa. Mzee Zubeiri amekuja mwenyewe na halua, nikahi itakuwa mwezi wa tisa. Jumana anatusumbua kwa nyimbo huko jikoni.

Jana nimerudi zawiyani. Khalifa akaniuliza mbele ya wote, "Yaarub, una neno la kumtetea Nabhan?" Nilikuwa nalo. Nimekwenda nalo njia nzima: kwamba hapana aliyekulazimisha kuniandikia, na ungenyamaza hadi kaburini nisingejua ya Amani. Akauliza mara ya pili. Mwinyijuma akakohoa. Mie nikatazama mkeka.

Wamekutoa.

Nisikufiche. Sikuwa nimepanga, lakini ilinipendeza. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi, na Ghanima alipouliza nikamwambia sikuulizwa. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Ijumaa ijayo nitasimama niseme, hata kama hapana wa kuniuliza. Nawe usiniamini mpaka uitwe.

Yaarub